Mate ya Kwanza

Kitu cha kwanza alichokiona Yasna asubuhi ile ni fundo. Mkoba wa Ninoska ulikuwa umefungwa mdomo kwa kamba ya kiatu, fundo juu ya fundo, na Ninoska hakuwa mtu wa kufunga vitu. Siku zote mkoba wake ulikuwa wazi kama mdomo wake mwenyewe. Ukitembea nyuma yake utaokota penseli, maganda ya karanga, hata soksi.

Yasna alitaka kumuuliza, "Mbona leo umeufunga?" Hakuuliza. Maneno yake yalikuwa na tabia ya kufika kooni na kurudi yalikotoka.

Ilikuwa Jumamosi. Katika kijiji cha Pozo Hondo, katikati ya jangwa la Atacama, Jumamosi ilianza kama siku nyingine: kufagia vumbi lililopenya chini ya mlango, kugonga ubavu wa pipa ili kusikia maji yamebaki kiasi gani, na kupanga mawe mezani. Yasna aliishi na Shangazi Orfelina, dada wa baba yake, kwa sababu baba aliendesha malori kwenye mgodi mkubwa wa mbali na alirudi nyumbani mara chache. Shangazi alikuwa na meza ya mawe kando ya barabara kuu. Madereva na wasafiri waliosimama kunywa chai waliyageuza mawe yake mikononi, wakanunua ya kijani, meupe na yale meusi yanayong'aa kama jicho la ndege.

"Leo napeleka mikate kwa wachimbaji wa kule juu," shangazi aliwaambia huku akipakia makapu kwenye pikapu yake kuukuu. "Nitawashusha La Porfiada, halafu nitawapitia nikirudi. Mtaokota kwenye kifusi tu. Nani ataingia ndani ya mgodi?"

"Hakuna, shangazi," waliitikia.

"Nani atasogea mdomoni mwa shimo kuchungulia?"

"Hakuna, shangazi!"

"Haya, pandeni nyuma. Na atakayekalia mikate yangu ataila yote peke yake."

Ninoska alicheka na kuruka juu, mkoba wake ameukumbatia kifuani. Alikuwa na umri sawa na Yasna, na aliishi nyuma ya kanisa na bibi yake, Bibi Zunilda, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu wa uzee. Kwa kelele, Ninoska alitosha kwa watu wawili. Labda ndiyo sababu alimfaa Yasna.

Siku ya Wachimbaji ilikuwa karibu. Kila mwaka shule ilipanga maonyesho ya mawe, na lile lililokuwa bora kuliko yote liliwekwa kwenye kabati la kioo mlangoni, pamoja na jina la aliyeliokota. Yasna alilitamani kabati lile kuliko alivyowahi kutamani kitu kingine. Jina likishaandikwa kwenye kioo, mwenyewe hahitaji kulisema kwa sauti.

La Porfiada ulikuwa mgodi wa shaba uliofungwa kabla shangazi hajazaliwa. Mihimili yake ilikwisha kung'olewa, na kifusi kilimwagika kutoka mdomoni mwake hadi chini ya mlima. Wasichana walianza chini, kila mmoja na nyundo yake ndogo, migongo yao ikichomwa na jua.

Maji ya kuoshea mawe hayakuwepo. Jiwe likiwa na vumbi, walililamba. Ulimi ukipita, rangi inajitokeza papo hapo, na unajua kama umeshika shaba au takataka. Wachimbaji wote wa Pozo Hondo walifanya hivyo, na watoto wao walianza kulamba mawe kabla hawajajua kusema. Ndipo watoto walipotunga sheria yao: anayelilamba jiwe kwanza na kupiga kelele "Mate ya kwanza!" ndiye mwenyewe. Hakuna rufaa. Hata mwalimu hakuweza kuitengua sheria ile.

Kulamba kulikuwa rahisi kwa Yasna. Kupiga kelele ndiko kulikomshinda. Kwa hiyo Ninoska alimpigia. Kila Yasna alipolamba jiwe zuri, Ninoska alipaza sauti mpaka mijusi ikakimbia: "Mate ya kwanza ya Yasna!"

Katikati ya kifusi palikuwa na bati lililooza kwa kutu. Yasna aliliinua kwa nyundo. Chini yake, kwenye kivuli, palikuwa na jiwe la buluu.

Haikuwa buluu ya anga wala ya rangi ya ukutani. Ilikuwa buluu ya mwali wa jiko la gesi. Fuwele ndogo zilisongamana kama meno, safi kiasi kwamba Yasna alipolishika aliona kivuli cha kidole chake upande wa pili. Halikuwa na vumbi la kulamba. Alibaki amechuchumaa, akiliona tayari ndani ya kabati la kioo.

"Nini hicho? Lo! Yasna! Lete nione!"

Ninoska alilichukua kabla Yasna hajasema ndiyo wala hapana. Akaligeuza juani. Halafu akalilamba. Akalitazama, akalilamba tena, safari hii kwa muda mrefu.

Yasna akangoja kelele. "Mate ya kwanza ya Yasna!" Akangoja. Kelele haikuja. Ninoska aligeuka, akampa mgongo, akatema mate chini, akajifuta mdomo kwa mkono wa shati.

"Lina ladha ya msumari," alisema hatimaye.

"Ni langu," alisema Yasna, lakini kwa sauti ambayo upepo uliichukua.

"Unasemaje?"

"Hamna kitu."

Walikula mkate na parachichi kwenye kivuli cha jabali, kwa mikono ile ile iliyoshika mawe, maana maji ya chupa yalikuwa ya kunywa tu. Ninoska alikula huku jiwe la buluu liko mapajani pake. Kila mara alilishika, akaligusa, akarudi kwenye mkate. Halafu akasema, "Nitalibeba mimi. Mkoba wako umejaa mawe magumu, hili litapondeka. Tena nitalisafisha vizuri."

Akafungua fundo la kwanza, la pili, akaliingiza jiwe, akafunga tena. Fundo juu ya fundo.

Yasna aliitazama ile kamba ya kiatu. Mkoba uliofungwa vile tangu asubuhi, aliwaza, ni mkoba uliojiandaa.

Njiani kurudi, Ninoska aliinama ubavuni mwa pikapu na kutapika. "Ni uendeshaji wako, shangazi!" alisema alipopata pumzi.

"Uendeshaji wangu? Gari hili limebeba mayai, yakafika mayai!"

Walipofika nyuma ya kanisa, Ninoska aliruka chini, mkono mmoja tumboni, mwingine kwenye mkoba. Hakuaga. Mlango ukafungwa. Yasna alibaki amenyoosha mkono, kama mtu anayesubiri chenji dukani. Mgonjwa wa kweli, aliwaza, angekumbuka mkoba?

*

Jumapili alikwenda kwa kina Ninoska. Katika Pozo Hondo mgeni husimama langoni na kuita mpaka atokewe. Yasna hakuwa na mazoea ya kuita. Alisimama tu mpaka mtu amwone, na kwa kawaida Ninoska alimwona kabla hajafika. Siku ile pazia la dirisha lilitikisika. Aliona jicho moja. Pazia likarudi mahali pake, na hakuna aliyetoka.

Yasna aliondoka akiwa na moto kifuani.

Jumatatu, darasani, Ninoska alikaa dawati la mbele, mbali naye, mikono ameificha ndani ya mikono ya sweta. Mwalimu alipita akikusanya mawe ya maonyesho.

"Ninoska, wewe kila mwaka huleta gunia zima. Mwaka huu umetuletea nini?"

"Sina jiwe, mwalimu."

Sina jiwe! Yasna alihisi masikio yakiwaka. Anasema uongo mchana kweupe, mbele ya mwalimu.

Wakati wa mapumziko, Rubí, ambaye nyumba yao ilipakana na ya Bibi Zunilda, alimjia akitafuna maembe makavu. Rubí alipenda habari za watu kuliko chakula.

"Rafiki yako anaumwa ugonjwa gani ule?" aliuliza. "Maana jana asubuhi nimemwona dirishani, amesimama mbele ya gilasi kubwa. Ndani mna kitu cha buluu, kinang'aa hicho! Aliponiona akavuta pazia."

Yasna aligeuka kumtafuta Ninoska kwa macho.

"Kumbe ni lako? Nani alililamba kwanza?"

"Yeye."

"Basi, limekwenda na maji hilo! Mate ya kwanza. Pole, mwaya."

Wasichana waliokuwa karibu walicheka. Upande wa pili wa uwanja Ninoska aliinua macho, yakakutana na ya Yasna, akayainamisha haraka. Yasna aliona yote aliyohitaji kuona. Fundo, mate, mlango, pazia, gilasi, na sasa macho. Vilipangana vizuri kabisa, kama mawe mezani kwa shangazi. Kitu kimoja tu hakukifanya: kuvuka uwanja na kuuliza.

*

Alasiri aliketi na shangazi kwenye meza ya mawe. Malori yalipita yakiwapulizia vumbi.

"Umechanganya ya kijani na meusi," shangazi alisema. "Unaumwa?"

"Hapana."

"Umegombana na mtu?"

Yasna alichukua jiwe na kitambaa.

"Yasna, mwanangu, mimi nauza mawe, sisomi macho. Sema."

Yasna alisugua jiwe ambalo lilikwisha kuwa safi. "Ninoska ameniibia jiwe."

"Ninoska? Huyu asiyeweza kuficha hata mafua?"

"Ameficha. La buluu. Lilikuwa zuri kuliko yote, shangazi, kama moto wa gesi. Lilikuwa chini ya bati. Alililamba yeye, na hakulitaja jina langu, na akalibeba, na leo amemwambia mwalimu hana jiwe."

Mkono wa shangazi ulisimama juu ya meza. "Lilikuwa gumu, au ukucha unalikwaruza?"

"Ukucha unalikwaruza."

"Na ladha?"

"Sijui. Yeye alisema ladha ya msumari."

"Akatapika garini mwangu, na mimi nikamtania!" Shangazi alisimama, akasukuma kiti nyuma. "Huo ni mrututu, mtoto wewe! Si jiwe la kabatini. Ni shaba iliyogeuka chumvi. Wakulima wa zabibu kule bondeni huukoroga kwenye maji na kuinyunyizia mizabibu kuua ukungu. Ni sumu. Huku kwetu unakaa kama jiwe kwa sababu mvua hainyeshi. Ukiutia kwenye maji, unayeyuka kama sukari. Hutakuta kitu."

"Unayeyuka?"

"Wote. Ninoska alisema atalifanya nini jiwe hilo?"

"Atalisafisha." Yasna alijisikia baridi juani. Gilasi kubwa. Kitu cha buluu ndani yake. Sina jiwe, mwalimu.

"Na maji aliyosafishia," shangazi aliuliza polepole, "yako wapi sasa?"

Katika Pozo Hondo hakuna anayemwaga maji. Yaliyoosha mchele huosha sahani, yaliyoosha sahani hudeki sakafu, na yaliyodeki hupelekwa kwenye mti wa ndimu. Tena ilikuwa Jumatatu. Lori la maji lilikuja Jumanne, na leo mapipa ya kijiji kizima yalikuwa yanalia matupu.

Shangazi alikuwa bado anatafuta ufunguo wa gari, Yasna akawa amekwisha kuvuka barabara mbio.

Hakusimama langoni. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliingia uani kwa watu bila kuonekana wala kuitwa. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Bibi Zunilda alikuwa amesimama mezani, akipapasa vitu kwa ncha za vidole kama kawaida yake. Birika lilitoa mvuke. Karibu na kiwiko chake palikuwa na chupa tupu ya juisi, na ndani ya chupa ile, chini kabisa, mlikuwa na matone ya buluu.

Bibi aliinua kikombe cha chai, akakipuliza.

"Bibi, usinywe!"

Sauti ilitoka kubwa kiasi kwamba kuku waliruka ukutani. Bibi Zunilda naye nusura akiangushe kikombe.

"Mama wee! Nani huyo anapiga honi kama lori ndani ya nyumba yangu?"

"Ni Yasna, bibi."

"Yasna gani? Yasna ninayemjua mimi hana sauti!"

Yasna alikwisha kukikamata kikombe kwa mikono miwili. Chai ya moto ilimmwagikia vidoleni, hakukiachia mpaka alipokitua mezani. "Maji yana sumu, bibi. Ni ya jiwe. Umekunywa? Niambie, umekunywa?"

"Ningekunywaje na moto wote huu? Sumu gani tena?"

Ninoska aliingia mbio kutoka uani, vibanio vya nguo mdomoni. Aliiona chupa. Vibanio vikaanguka kimoja kimoja.

"Bibi! Hiyo chupa niliificha nyuma ya pipa!"

"Umeficha maji siku ya Jumatatu, nyuma ya pipa tupu, ukadhani mimi sitayapata?" Bibi alikasirika kweli. "Macho yamekufa, mikono haijafa!"

Ninoska akamgeukia Yasna. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Mikono yake haikuwa tena ndani ya sweta, na Yasna aliona ngozi pembeni mwa kucha imekuwa ya kijani.

"Lilikuwa jiwe lako," alisema. "Nililitia kwenye gilasi ya maji lilale humo, ili asubuhi ling'ae nikuletee. Nilipoamka nikakuta maji ya buluu na matope kidogo. Nikatia mkono, nikatafuta, nikatafuta. Jiwe hakuna! Sasa mtu utamwambia nini mwenzako? Kwamba jiwe limenywewa na maji? Hata mimi nisingeamini. Nikayatia yale maji kwenye chupa nikuonyeshe, halafu nikaogopa utasema nimetia rangi."

"Nilikuja jana. Nilikuona dirishani."

"Nami nilikuona. Nikasema akiita tu, natoka. Hukuita."

Ilikuwa kweli, Yasna hakuita. Kwa kuwa alikwisha kuanza kusema, aliona bora amalize. "Na kule kwenye kifusi? Mbona hukupiga kelele jina langu?"

"Kwa mdomo upi? Nilikuwa kama nimetafuna betri! Ulimi wote ulikuwa unawaka, nilitaka kutema tu."

"Na fundo?"

"Fundo lipi?"

"La mkoba. Tangu asubuhi ulikuwa umeufunga."

Ninoska alimkodolea macho. "Zipu ilikatika Ijumaa. Yasna! Kumbe umekuwa ukinichunguza kama polisi?"

Shangazi Orfelina aliingia akihema. Alimtazama bibi, akakitazama kikombe, akakaa chini kwanza kabla ya kusema lolote. Alipopata nguvu alikusanya chai, maji ya birika na matone ya chupa, akayatia yote kwenye dumu, akalikaza kifuniko na kuandika SUMU ubavuni kwa mkaa. Ndani ya birika la aluminiamu palikuwa pameanza kushika madoa mekundu ya shaba.

"Birika langu limekuwa mgodi," alisema Bibi Zunilda alipoambiwa, na pamoja na hofu yote, walicheka.

*

Kwenye zahanati, nesi alimwangalia Ninoska mdomo, akamminya tumbo, akamwuliza maswali mengi. Mwishoni alisema hana hatari. Alikuwa amemeza kidogo tu, na kule kutapika kulimtoa sehemu kubwa ya sumu. Alipewa maji mengi ya kunywa na kuambiwa arudi mara moja akisikia maumivu. "Lakini kama bibi yako angemaliza kikombe kile," nesi aliongeza, "sasa hivi tungekuwa tunatafuta gari la kumpeleka hospitali ya mjini."

Walikaa kwenye benchi nje, shangazi katikati, wasichana huku na huku. Shangazi aliyatazama mawingu ya vumbi barabarani.

"Nianze na mimi," alisema. "Kulamba mawe nimewafundisha mimi, kama baba yangu alivyonifundisha. Tunasema ni mila ya wachimbaji. Mila ikileta sumu mdomoni, iachwe. Kuanzia leo mtakwenda na brashi na chupa ndogo ya maji ya mawe, hata kama itabidi nipunguze ya chai yangu. Na mikono inaoshwa kabla ya mkate, pipa lilie lisilie. Tumeelewana?"

"Ndiyo, shangazi."

"Ninoska, ukiharibu kitu cha mtu, mwambie siku hiyo hiyo, hata kama habari yenyewe inachekesha kama hii yako. Ulificha maji ili kuepuka aibu ndogo, na maji yale yakafika kwenye kikombe cha bibi yako."

Ninoska aliinamisha kichwa. "Nimesikia, shangazi."

"Na wewe Yasna." Sauti ya shangazi ililainika, lakini haikumwachia. "Leo umeokoa mtu kwa sauti yako, nakupongeza. Lakini sauti hiyo ulikuwa nayo jana langoni, na asubuhi shuleni. Ulimshuku mwenzako kimya kimya, na kila ulichokiona ukakigeuza ushahidi, hadi zipu iliyokatika. Shaka ikikaa moyoni bila kuulizwa hunenepa. Swali moja tu lingeimaliza. Ungemuuliza, angekuonyesha maji, mngeniletea mimi, na bibi angekuwa anakunywa chai yake kwa amani. Ukiwa na shaka na mtu, mpe kwanza nafasi ya kujibu."

"Ndiyo, shangazi," Yasna alisema.

Shangazi aliingia ndani kumsaidia Bibi Zunilda, ambaye alisikika akimwuliza nesi kama birika linaweza kutibiwa. Wasichana walibaki peke yao, na nafasi ya shangazi katikati yao.

"Na kabati la shule?" Ninoska aliuliza.

"Nina moja la kijani nililookota Jumamosi. Nitampelekea mwalimu kesho."

"Nitakusaidia kuliosha." Ninoska alijishtukia. "Au hapana. Utaliosha mwenyewe."

"Tutaliosha wote. La kijani haliyeyuki, nimemuuliza shangazi."

Ninoska alichora vumbini kwa ncha ya kiatu. Kisha akauliza bila kumtazama, "Uliniona mwizi kweli?"

"Ndiyo."

"Mwizi kabisa?"

"Kabisa."

"Kwa ajili ya jiwe tu?"

Yasna alisogea mpaka mabega yao yakagusana. Hakuna aliyekuwa akimlazimisha kusema.

"Si jiwe," alisema. "Jiwe ningepata lingine. Niliumia kwa sababu wewe ndiye rafiki yangu wa pekee, Ninoska, na tangu darasa la kwanza sijawahi kukuambia."